Ziwa likifungwa, mjue mwanao

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Desemba, nyavu hutolewa katika Ziwa Mweru. Sheria ya Zambia hulifunga ziwa mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na kutoka Kashikishi hadi kisiwa cha Chisenga, upande wa kusini ambako Mto Luapula unaingia ziwani, mitumbwi huvutwa nchi kavu. Mvua hunyesha. Chisense, ambao msomaji wa Mwanza au Kigoma angewaita dagaa, huadimika sokoni. Na ndani ya nyumba za wavuvi hutokea jambo ambalo miezi mingine tisa halipo: baba yuko nyumbani, usiku na mchana.

Mvuvi wa chisense hufanya kazi usiku usio na mbalamwezi, kwa mwanga wa taa, na hulala jua likiwaka. Mkewe huanika samaki, hufunga magunia, kisha huyafuata mpaka masoko ya Copperbelt, safari ya siku nyingi. Watoto hubaki na bibi, au na dada yao mkubwa ambaye naye bado ni mtoto. Kwa miezi tisa mzazi na kijana hupishana mlangoni. Halafu ziwa linafungwa, hela inakata, na wote wanajikuta chini ya paa moja kwa siku tisini. Kuna nyumba ambamo siku hizo ni heri. Kuna nyumba ambamo ndizo siku za pombe ya kachasu, za matusi, za sahani kurushwa, na za kijana kuondoka asubuhi bila kuaga na kurudi watu wamelala.

Makala hii ni ya siku hizo tisini, na ya siku zinazofanana nazo katika kila nyumba isomapo Kiswahili. Jambo ninalotaka kulisema ni moja. Kinga kubwa ya afya ya akili ya kijana ni kuwa na mtu mzima anayemjua. Asimjue kwa jina, darasa na ukoo tu. Amjue kama mvuvi anavyolijua ziwa lake: upepo gani huvuma saa ngapi, maji hubadilika rangi lini, kimya kipi ni cha salama na kimya kipi ni cha dhoruba.

Homa isiyochemsha mwili

Wilaya ya Nchelenge, ukingoni mwa ziwa hili, imeshikwa na malaria kama maeneo machache ya Zambia yalivyoshikwa. Kwa hiyo mama wa pale hahitaji kufundishwa kumtazama mtoto mgonjwa. Akimgusa paji la uso, amejua. Usiku huohuo atatafuta namna ya kumfikisha kwenye zahanati, au katika hospitali ya misheni ya St. Paul's pale Kashikishi, hata kama ni kwa mtumbwi.

Lakini huzuni haichemshi mwili. Kijana wa miaka kumi na mitano anayelala mpaka saa sita mchana tunamwita mvivu. Anayefoka kwa neno dogo tunamwita mkaidi. Aliyeacha kula tunasema anaringa. Na yule aliyenyamaza kabisa, ambaye huenda ndiye aliye mbali zaidi na sisi, tunamsifu mbele ya wageni kwamba ni mtoto mtulivu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni miongoni mwa sababu tatu kubwa za vifo duniani. Darasa la watoto arobaini na wawili, basi, huenda lina sita wanaobeba mzigo usioonekana. Mwalimu huwaona wamekaa sawasawa na wenzao.

Kiswahili kina neno zuri kwa hali hii. Tunasema mtu "ana mawazo". Hatusemi ana mawazo ya nini. Neno lenyewe limekwisha kuwa jina la ugonjwa. Ukimsikia mama akisema "huyu mtoto siku hizi ana mawazo", ujue ameona kitu. Shida ni kwamba mara nyingi husema hivyo kwa jirani. Mtoto mwenyewe haulizwi.

Vijiji vya Uganda vilivyoufundisha ulimwengu

Elimu ya sasa kuhusu mtoto na mzazi ina mizizi hapa kwetu, ingawa wengi hawaambiwi. Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia, Mary Ainsworth, alifika Kampala na mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Alikwenda katika vijiji vya Buganda karibu na mji, akiwa na mkalimani wake, Bi. Katie Kibuka, na kwa miezi kadhaa akazitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28. Alikuwa akikaa sebuleni kwa saa mbili hivi, akitazama, kisha anarudi baada ya wiki mbili.

Alichokiona mama yeyote anakijua, ila hakuna aliyekuwa amekiandika hivyo. Mtoto anayetambaa huondoka kwa mama, huenda kuchungulia dunia, hugeuka kutazama kama mama bado yupo, halafu huendelea. Akishtuka hurudi mbio. Mama ni gati: chombo kinakwenda mbali kwa sababu kina pa kurudi. Ainsworth aliona pia kwamba watoto hawakuwa sawa. Wengine walilia kidogo na kucheza kwa utulivu. Wengine walilia hata mikononi mwa mama zao.

Tofauti ilikuwa wapi? Ilikuwa zaidi katika mambo kama haya: mama aliyefurahia kumnyonyesha mwanawe, na mama ambaye, akiulizwa habari za mtoto wake, alikuwa na mengi ya kusimulia. Aliweza kueleza mtoto hulala vipi, huogopa nini, hucheka kwa kitu gani. Mama anayejua mambo madogomadogo ya mwanawe ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia. Utafiti huo ulitoka kitabuni mwaka 1967, na pamoja na kazi za Mwingereza John Bowlby ukawa msingi wa mengi yanayofundishwa leo duniani kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi.

Kijana wa miaka kumi na sita naye ni mtambaaji, ila anatambaa kwenda mbali zaidi: kwenye mapenzi, kwenye kazi, kwenye simu, kwenye mtumbwi wa watu wengine. Bado hugeuka kutazama nyuma. Ole wake akigeuka na kukuta gati limevunjwa, au lipo lakini kila anapokaribia hutupiwa mawe.

Samaki mkunje angali mbichi

Methali hii tunaitumia kuhalalisha fimbo. Basi na tuipeleke ufukweni, kwa wenye samaki wao. Samaki mbichi hukunjwa kwa mikono miwili, taratibu, na mtu anayejua mifupa yake ilivyokaa. Ukimkunja kwa hasira ngozi hupasuka na nyama humomonyoka, na huyo hauziki tena. Ubichi wake ndio sababu ya kumkunja, na ubichi huohuo ndio sababu ya kumshika kwa uangalifu.

Mwaka 2022 Zambia ilipitisha sheria mpya ya watoto inayokataza adhabu ya viboko, hata nyumbani. Wako wazazi waliosema kwamba serikali imewanyang'anya watoto wao. Ninayaelewa maumivu yao. Mtu aliyelelewa kwa fimbo, akafanikiwa, huona kwamba kuikana fimbo ni kuwakana wazazi wake. Lakini tuulizane kwa uaminifu: fimbo ilitufundisha nini? Ilitufundisha kuficha. Tulificha kikombe kilichovunjika, tukaficha matokeo ya mtihani, kisha tukaficha mapenzi, ujauzito na deni. Leo yuko kijana anayeficha kwamba jana usiku alitamani kufa, kwa sababu tangu utoto amejua kwamba jambo baya likijulikana nyumbani huleta kipigo.

Hapo ndipo hasara ilipo. Mtoto anayeogopa hajulikani, na asiyejulikana hasaidiki. Na kuna fimbo isiyoshikwa mkononi. "Hufai kitu." "Umefanana na baba yako." "Laiti ningezaa jiwe." Maneno haya hayaachi alama mgongoni, kwa hiyo hakuna anayeyahesabu, lakini kijana huyarudia kichwani kwa sauti ya mzazi wake mpaka anaanza kuyaamini kama yake.

Waliovuka kuja Mantapala

Ufuko wa Mweru ni wa nchi mbili. Ng'ambo kuna Pweto na Kilwa ya Kongo, na Kiswahili cha Katanga kimekuwa kikivuka maji haya na wafanyabiashara tangu karne ya 19. Kuanzia Agosti 2017 kilivuka na wakimbizi. Vita katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika viliwasukuma maelfu kuingia Zambia, wakapokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, na mwanzoni mwa 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala, humuhumu wilayani Nchelenge. Sehemu kubwa yao walikuwa watoto.

Katika familia ya namna hiyo uhusiano wa mzazi na mtoto hujaribiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kimya. Mzazi ameona mambo mabaya, mtoto naye ameyaona, na kila mmoja ananyamaza ili asimwumize mwenzake. Aliyeuawa huambiwa "amesafiri". Mtoto si mjinga. Anajua kwamba msafiri huaga. Anajifunza kuwa habari ya baba haiulizwi, na kilio kinabaki ndani bila matanga.

Njia ya pili ni kupinduka kwa nyumba. Watoto hujifunza lugha ya ugenini haraka kuliko wakubwa. Baada ya muda binti wa miaka kumi na miwili ndiye anayemtafsiria mama Kibemba sokoni, zahanati na mbele ya maofisa. Anasikia magonjwa ya mama yake kabla mama hajayasikia. Baba aliyekuwa na shamba na heshima Moba, sasa anasubiri mgao. Wengine hulitafuta joto la zamani ndani ya pombe ya lutuku. Kijana anamtazama baba huyo na kuchanganyikiwa: amhurumie, amdharau, au amwogope? Hisia zote tatu zikikaa pamoja moyoni bila wa kuambiwa, ndiyo mawazo yenyewe.

Sisemi hivi kuwalaumu wakimbizi. Nyumba ya mvuvi ambaye nyavu zimetundikwa hupita njia ileile kwa kipimo kidogo zaidi. Mwanamume akipoteza kazi iliyomfanya aitwe baba, mara nyingi hajui njia nyingine ya kuwa baba.

Mjomba, bibi, na simulizi ya Nachituti

Msomaji atasema: lakini kwetu mtoto halelewi na mzazi peke yake. Ni kweli, na mkoa wa Luapula ni shahidi mzuri. Kwa wengi wa pale mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Zamani wavulana walikula na wazee kwenye insaka, kibanda cha mazungumzo, wakasikiliza kesi, hadithi na mashauri. Wasichana walikuwa na bibi na mashangazi zao. Kijana aliyegombana na baba alikuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Utajiri huo haupaswi kupotea, wala haupaswi kupambwa. Simulizi kuu ya nchi hii ni ya Nachituti, dada wa Nkuba, mtawala wa Washila. Nkuba alimwua mwana wa Nachituti, yaani mpwa wake mwenyewe, ambaye kwa desturi alipaswa kumlinda. Mama yule kwa uchungu akaenda kwa Mwata Kazembe wa Walunda kutaka kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe ardhi na maji. Mwanahistoria David Gordon, aliyeandika kitabu juu ya uvuvi wa Luapula, ameonyesha jinsi simulizi hiyo ilivyokuwa msingi wa madai ya nani mwenye ardhi na nani mwenye ziwa.

Mimi ninaisoma pia kama habari ya nyumba. Nchi nzima ilibadili wenyewe kwa sababu aliyepaswa kumlinda mtoto ndiye aliyemwangamiza. Wazee waliihifadhi simulizi hiyo miaka zaidi ya mia mbili. Hawakulificha jeraha la familia. Waliliweka katikati ya historia yao, mahali pa kusemwa kila kizazi.

Kwa hiyo wingi wa walezi ni neema iwapo mmoja wao kweli anamjua mtoto. Mtoto anaweza kuwa na mama, bibi, mjomba na shangazi wanne, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemuuliza.

Tiba inaanza kwa mkubwa

Jambo lililonigusa zaidi katika tafiti za miaka ya karibuni ni hili: ukitaka kumsaidia kijana, msaidie anayemlea. Jijini Lusaka watafiti walizifuata familia 248 ambamo mume alikunywa kupita kiasi na mke alipigwa. Sehemu ya familia hizo zilipata ushauri wa ana kwa ana, uliotolewa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, wasio madaktari. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: ulevi ulipungua, vipigo vikapungua, na utafiti ukasimamishwa mapema kwa kuwa faida ilikuwa imekwisha kuonekana. Lusaka hiyohiyo, mwaka 2015, ilitangazwa kwamba watoto walioumizwa na mikasa walipata nafuu kubwa kwa ushauri wa watu wa aina hiyo. Watoto 257 walishiriki, na waliopata tiba walipungukiwa na dalili kwa asilimia 82, huku wenzao waliopata huduma za kawaida wakipungukiwa kwa asilimia 21.

Afrika Kusini, katika Eastern Cape, familia 552 zilishiriki utafiti wa mafunzo ya wazazi pamoja na vijana wao, yaliyoitwa Sinovuyo, neno la Kixhosa lenye maana ya "tuna furaha". Miezi kadhaa baadaye, wazazi waliofundishwa walipiga kidogo, walikuwa karibu zaidi na watoto, wakapungukiwa na msongo, na vijana wao walipunguza ulevi. Lakini vijana wenyewe, walipoulizwa kuhusu huzuni na wasiwasi wao, hawakuonyesha tofauti bado. Ninalitaja hili makusudi. Mzazi akibadilika leo, asitarajie moyo wa mtoto ufunguke kesho. Kijana aliyezoea dhoruba huitazama anga muda mrefu kabla ya kusukuma mtumbwi. Tanzania iliyachukua mafunzo hayo kwa jina la Furaha na kuyapeleka kwa maelfu ya familia, na nadhani jina lilitafsiriwa vema.

Haya yote yana maana kubwa kwa mahali kama Chisenga. Hospitali kuu ya magonjwa ya akili ya Zambia, Chainama Hills, iko Lusaka, takriban kilomita elfu moja kwa barabara, ukiacha ya majini. Sheria ya Afya ya Akili ya 2019 ilifuta ile ya kikoloni na kumpa mgonjwa haki zake, lakini sheria haivuki maji yenyewe. Kwa kijana wa kisiwani, mtu wa kwanza atakayemtambua ni yule anayekula naye.

Siku tisini za kuanza

Baba uliyeketi na nyavu zilizotundikwa, mama uliyerudi kutoka sokoni, anzeni na dogo. Mpeni kijana kazi ya kufanya pamoja nanyi: kushona nyavu, kuziba mtumbwi, kutwanga, kulima. Vijana wengi husema la moyoni mikono ikiwa kazini na macho yakiwa kwingine, kuliko wakiwekwa kwenye kiti kama washtakiwa. Uliza swali moja, kisha nyamaza. Usijibu kabla hajamaliza. Akisema jambo la aibu, mshukuru kwanza kwa kukuambia. La kukemea litasubiri mpaka jioni.

Ukikosea, omba radhi. "Mwanangu, jana nilikutukana, nimekosa." Mzazi hashuki kwa neno hilo. Mtoto anayesikia radhi nyumbani anajifunza kwamba kosa lina njia ya kutokea, na hilo ni somo linaloweza kumwokoa siku atakapoona yeye mwenyewe amekosa kila kitu.

Pia msijisahau. Mzazi mwenye mawazo hawezi kuyapokea ya mtoto. Mtafute mwenzako, mzee wa kanisa au wa msikiti, muuguzi, ndugu unayemwamini. Ukiona pombe imekuwa ndiyo mshauri, mwambie mtu kabla haijawa mkuu wa nyumba.

Na kijana akisema hataki kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga bila safari, mwamini. Usimpime kwa kejeli, usimwambie anatafuta huruma. Kaa naye, ondoa sumu na kamba karibu naye, mpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda zote zina namba 116 ya kuwasaidia watoto, na haitozi pesa.

Wavuvi wa Luapula wana kumbukumbu ya mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Alivuliwa njiani, mayai yakiwa tumboni, mwaka baada ya mwaka, na miaka ya 1940 uvuvi wake ukaanguka. Ni kwa mafunzo machungu ya namna hiyo kwamba watu hukubali leo kukaa na njaa miezi mitatu kwa ajili ya samaki ambao bado hawajaonekana. Watu wenye subira hiyo kwa samaki hawashindwi kuwa nayo kwa watoto wao.

Tarehe 1 Machi mitumbwi itarudi majini. Usiku wa kwanza wa giza taa zitawaka tena kutoka Kashikishi mpaka Chisenga, na baba atakuwa mbali na nyumba. Atakachokuwa nacho huko majini, iwapo alizitumia siku zake vizuri, ni kitu ambacho Desemba hakuwa nacho: mwanawe huogopa nini, humpenda nani, na kwa nini ule mwezi wa Januari hakuwa akila.